Mikate ya Kichuguuni

Kichuguu kile kilikuwa nyuma ya nyumba ya Marthe, pale mtaa unapoishia na mashamba ya mihogo yanapoanzia, na urefu wake ulilipita paa. Mchwa walikuwa wamekihama zamani. Marthe na wenzake wawili walikitoboa ubavuni, wakachimba ndani tumbo la mviringo, wakaacha tundu la moshi kileleni na kusawazisha sakafu kwa udongo laini. Wakitaka kuoka walijaza kuni, wakachoma mpaka kuta zikatoa joto la kuunguza nyusi, wakafagia makaa, wakaingiza mikate, kisha wakaziba mlango kwa kipande cha bati. Mkate uliotoka humo ulikuwa na ganda gumu la kahawia, na harufu yake ilivuka njia ya reli ikaingia hadi maofisini. Kamina nzima iliula mkate huo. Nalisema mapema ili asije mtu kunibishia baadaye.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Kongo. Treni ilikuja ilipojisikia. Duka la mkate la mjini lilikuwa limefungwa na mwenyewe amekwenda zake. Samaki wa Kabondo-Dianda waliletwa kwa baiskeli zilizosukumwa na watu wenye nyayo zilizopasuka, na unga wa mahindi wa Kabongo vivyo hivyo. Mji ulikuwa unakula jasho la watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita wafanyakazi.

Esdras, mume wa Marthe, yeye alikuwa mfanyakazi. Alikuwa karani wa serikali, na bado alikwenda kazini kila asubuhi, shati limepigwa pasi, tai shingoni, akakaa nyuma ya mashine ya taipu isiyo na utepe, akarudi mchana. Mshahara ulikuwa umekatika tangu kabla ya vita. Lakini mtu akimwuliza habari za nyumbani, alijibu kwa Kifaransa safi cha shule ya misheni kwamba mkewe hafanyi kazi, anakaa nyumbani na watoto. Alilisema hilo huku makombo ya mkate yakiwa bado kwenye masharubu yake. Aliona haya, sikatai. Mzee wa kanisa, mtu anayegawa Meza ya Bwana mbele ya waumini wote, alishwe na kichuguu! Ila haya yake ililipiwa na watu wengine, ndiyo maana siwezi kuisimulia hadithi hii kwa sauti ya upole.

Wenzake Marthe walikuwa Abigaïl na Ngalula. Abigaïl alikuwa muuguzi wa zamani, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeacha kazi baada ya kazi kuacha kumlipa. Ngalula alikuwa kijana kuliko wote, mzaliwa wa Kasai, mke wa koplo mmoja aliyeitwa Kisimba. Nasema mke kwa maana ya kumpikia, kumfulia na kumzalia. Ndoa ya karatasi hawakuwahi kuifunga. Kisimba alikuwa amepelekwa vitani upande wa Kabalo, na tangu aende hakuna aliyepata habari zake. Alimwachia Ngalula binti wa kubebwa mgongoni, Plamedi, na basi. Hapo kichuguuni Ngalula ndiye aliyetoa mikate. Alijifunga magunia mabichi mikononi, akashika ubao mrefu, akaingiza mikono katika ule mdomo wa moto akicheka.

Sasa kuna jambo moja lazima nilieleze, maana bila hilo hamtaelewa walivyopatikana.

Kulikuwa na mtoza ushuru aliyeitwa Mukendi, mtu mwembamba mwenye baiskeli nyekundu na mkoba wa ngozi. Yeyote aliyeonekana anafanya kazi alimtoza: ushuru wa biashara, ushuru wa usafi katika mtaa wenye takataka mpaka magotini, na siku nyingine ushuru wa vita. Dawa ya Mukendi ilikuwa moja, na mji mzima uliijua: kutofanya kazi. Wasukuma baiskeli walimwambia wanampelekea shangazi mgonjwa magunia yale. Wauza samaki walisema wanakwenda msibani. Na wanawake wa kichuguuni, wakiiona baiskeli nyekundu inakata kona, walifunika unga kwa kitenge, wakaketi chini, Abigaïl akafungua kitabu cha nyimbo, na wote watatu wakaimba. Ngalula alikuwa Mkatoliki, hakuzijua nyimbo za Wamethodisti, ila ndiye aliyeimba kwa nguvu kuliko wote, na kila mara alibakia ubeti mmoja nyuma.

"Bamama, munatumika hapa?" Mukendi aliuliza akishuka kwenye baiskeli; kutumika, kwa Kiswahili cha Kamina, ni kufanya kazi.

"Apana, Papa," Marthe alijibu. "Hapa hatutumike. Tuko tunasaidiana tu, kama bandugu ba kanisa."

"Na ile moshi?"

"Iko ya kufukuza mbu."

Mukendi alicheka, akapewa mkate wa moto, akaenda zake. Alijua, nao walijua kwamba anajua. Ukawa mchezo wa mtaa, na watu waliusimulia kwa vicheko hata nje ya kanisa. Hakuna aliyeona ubaya wake. Ungeuonaje? Mtu anayesema hafanyi kazi ili watoto wake wale, nani atamlaumu?

Basi, wiki moja ya kiangazi, lori la jeshi likaja likasimama mbele ya nyumba ya Marthe. Akashuka Sajini Mputu, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposalimia. Askari waliteremsha magunia ya unga wa ngano, mweupe, mkavu, unga ambao Marthe hakuwa ameuona tangu vita vianze. Kikosi kitaondoka Jumamosi kwenda mbele, Sajini alisema, nacho kinataka mikate ya safari. Marthe na wenzake watapika bila kusimama, na unga utakaobaki utakuwa wao.

Marthe alimpeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha kichuguu, tanuri yao.

"Chef, hii furu haiweze kuwaka siku zote. Tunapikaka, kiisha tunaacha ipoe, tunapaka udongo, inakauka. Angalia kule juu, iko na ufa."

Sajini hata hakuinua macho. "Mama, vita haipumzike, na weye unataka kichuguu ipumzike?"

"Itatuangukia, Chef."

"Bantu banaenda kufa juu yenu! Weye unaniambia habari ya udongo?"

Marthe aliyatazama yale magunia. Aliutazama pia mkanda wa Sajini, na bastola iliyoning'inia hapo. Kama mnadhani kulikuwa na nafasi ya kukataa, basi hamkuwa Kamina miaka ile. Lakini nisimfanye malaika: unga wenyewe nao ulimvuta. Béni, mwanawe mkubwa, alikuwa amefukuzwa shule kwa kukosa karo. Akakubali.

Walioka tangu Jumatano. Kichuguu hakikupewa nafasi ya kupoa. Wakitoa mikate, kuni zinaingia. Kuni zikiisha, mikate inaingia. Abigaïl alipaka tope kwenye ule ufa kila alipopata upenyo, na tope likakauka na kudondoka kabla halijashika. Sajini alipita asubuhi na jioni kuchukua iliyokwisha kuiva, na kila alipopita aliwaambia waongeze mwendo.

Ijumaa asubuhi, jua limekwisha kupanda, Ngalula alipiga magoti mbele ya mlango, akaingiza mikono kutoa mikate ya nyuma kabisa. Marthe alikuwa amesimama karibu naye na kikapu. Alisikia kitu kama mtu anayekohoa ndani ya ukuta. Aliita jina la Ngalula, na kabla hajalimaliza, tumbo lote la juu la kichuguu lilishuka.

Halikumwua. Lilimshika mikono tu, udongo wa moto tangu vidoleni hadi juu ya viwiko, na Ngalula akapiga yowe ambalo Marthe analisikia mpaka leo akifungua mlango wa jiko lolote. Walichimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa kucha. Walipomtoa, magunia aliyojifunga yalikuwa yameungana na ngozi. Abigaïl alimmwagia maji ya mtungi mzima, kisha wa pili.

Lori likafika wakati huohuo. Sajini Mputu alisimama, akamtazama Ngalula aliyelala kwenye matope, akaguna. Halafu akauliza mikate iliyokwisha kutoka iko wapi.

"Chef, umubebe!" Marthe alipiga kelele. "Umupeleke ku infirmerie, na motokari yako!"

"Nafasi haiko, Mama. Iko mikate."

Nafasi haiko, iko mikate! Alipakia vikapu, akapanda, lori likaondoka na vumbi lake. Marthe aliomba baiskeli kwa jirani. Wakamkalisha Ngalula nyuma, mikono ameinyoosha mbele hewani, Abigaïl akamshika kiuno na Marthe akasukuma.

Zahanati ya jeshi ilikuwa karibu na stesheni, katika nyumba za zamani zenye veranda. Mji mzima ulijua kwamba dawa zote zilizobaki zilikuwa humo. Hospitali ya misheni ilikuwa na madaktari wema na rafu tupu. Mganga wa zahanati alikuwa Luteni Lazare, kijana msomi, mstaarabu, aliyevaa miwani na kuketi kiti cha mbele kanisani kila Jumapili. Alitoka verandani kuwapokea, na mezani nyuma yake kulikuwa na chai na kipande cha mkate wa ganda la kahawia, umeumwa upande mmoja.

Aliitazama mikono ya Ngalula na uso wake ukabadilika. Lazima niseme haki: uso ulibadilika. Kisha akakumbuka cheo chake.

"Iko muke ya askari?"

"Ndiyo, mon lieutenant," Marthe akasema. "Ya Caporal Kisimba."

"Muke ya mu dossier?"

Katika faili za jeshi jina la Ngalula halikuwamo. Ngalula mwenyewe akatikisa kichwa, maana hata katika maumivu yale hakutaka kudanganya.

"Basi, iko mutumikaji wa jeshi? Sababu dawa hii iko ya askari na batumikaji ba jeshi. Hiyo njo amri."

"Njo yeye alikuwa anapika mukate yenu!" Marthe alisema akinyoosha kidole kwenye meza. "Hata ile."

Lori lilikuwa limeegeshwa uani, na Sajini Mputu akaitwa. Alikuja anajifuta jasho, akamtazama Marthe kana kwamba hawajawahi kuonana.

"Mon lieutenant, babo bamama habatumike. Mutaa yote inajua. Iko kikundi ya kanisa, banasaidianaka tu. Siye tulibapatia unga, babo balitaka kusaidia askari. Uliza Papa Mukendi."

Na Mukendi alikuwa pale, jamani! Alikuwa amekaa kivulini kwenye benchi la veranda, shati limekunjwa, anasubiri sindano ya malaria. Yeye ambaye si askari, si mke wa askari, hajawahi kukipikia kikosi hata chai. Luteni alimgeukia.

"Papa Mukendi, weye uko mutu wa ushuru. Babo bamama banatumikaka?"

Mukendi alijikuna shingo. Akisema ndiyo, wakubwa wake watamwuliza ushuru wa miaka yote hiyo ulikwenda wapi. Alitazama chini.

"Mon lieutenant, minyi kila siku nabakuta banaimba."

Askari wawili walicheka. Marthe alivijua vicheko vile. Kumbe ule utani wao wa miaka mingi ulikuwa umekaa pembeni unawasubiri.

"Tunatumika!" alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka watu waliokuwa barabarani wakasimama. "Munasikia? Tunatumika! Tangu asubuhi mpaka jua inaanguka, mwaka kwa mwaka. Papa Mukendi, lete ushuru yako yote, nitalipa, nitauza hata kitanda. Lakini leo useme ukweli. Huyu mwanamuke anatumika!"

Watu walizidi kukusanyika. Kati yao akatokea Esdras, anahema, tai imegeukia begani; habari zilimfikia ofisini akaja mbio. Luteni Lazare alimwona akapumua kama mtu aliyepata pa kuegemea. Huyu alikuwa mtu wa kuaminika, mzee wa kanisa.

"Papa Esdras, umekuja muzuri. Weye uko mukubwa wa kanisa, haudanganyake. Jibu tu, tumalize. Mama Béni anatumikaka?"

Marthe alimgeukia mumewe. Hakumkonyeza wala hakumwomba, alimtazama tu. Ngalula naye alimtazama, mikono imening'inia hewani, maji ya majeraha yakidondoka kwenye sakafu ya veranda. Nyuma yao kulikuwa na majirani, makarani wenzake wawili, na mwalimu wa Béni.

Esdras alirekebisha tai.

"Muke yangu?" alisema. "Apana, mon lieutenant. Anakaaka ku nyumba."

Jibu lilitoka kinywani mwake kwa urahisi uleule wa siku zote, kama vile mtu anavyojibu salamu. Nadhani hata yeye alishtuka kulisikia. Alifungua mdomo tena, lakini Luteni alikwisha kuinua mikono kuonyesha kwamba shauri limekwisha, na mlango wa veranda ukafungwa.

Njiani kurudi Marthe ndiye aliyesukuma baiskeli tena. Esdras aliwafuata kwa mbali, na majirani walimpisha.

Nyumbani, Abigaïl alichemsha maji na chumvi, akayapoza, akaosha, akapaka asali aliyoichanga nyumba kwa nyumba, akavifunga vidonda kwa shuka safi aliyoipasua vipande. Hakuwa na zaidi ya hayo. Jumamosi jioni alifungua vitambaa, akanusa, akamwita Marthe pembeni.

"Vidole vinaanza kushikamana," alisema. "Na homa imeingia. Anataka sindano, anataka mafuta ya vidonda, anataka mutu wa kutenganisha vile vidole. Vyote viko kule kwa Lazare. Kama kesho dawa haiingie, Mama Béni, mikono itakufa."

Ngalula alikuwa ameketi mkekani, ameegemea ukuta. Plamedi alimtambalia, akajaribu kupanda mapajani, na mama yake akamzuia kwa goti kwa sababu hakuwa na kingine cha kumzuilia. Mtoto akalia, anataka kubebwa. Ngalula hakulia kwa moto, wala hakulia pale zahanati. Hapo alilia.

"Nitamufunga ku mugongo na nini?" alisema. "Mama Béni, na nini?"

Esdras alisimama mlangoni, anageuza kofia mikononi.

"Marthe, nilichanganyikiwa," alisema. "Bantu balikuwa mingi."

"Leo asubuhi ulikula nini?" Marthe alimwuliza.

Esdras alizidi kuigeuza kofia.

"Na shati iliyo ku mwili, nani alinunua? Nani alilipa karo, nani alilipa bati ya nyumba? Sema, Papa Béni, hapa bantu habako mingi. Hata hapa unashindwa?"

Akashindwa hata hapo. Akavaa kofia, akaenda kukaa nje.

Jumapili ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Marthe alimvalisha Ngalula kitenge chake mwenyewe kizuri, akamwomba msaada Abigaïl, aliyembeba Plamedi mgongoni, wakamtembeza taratibu mpaka kanisani. Hawakukaa nyuma alikozoea kukaa Marthe. Walikwenda wakaketi safu ya mbele kabisa upande wa wanawake, ng'ambo ya njia kutoka kwa Luteni Lazare. Nia ya Marthe ilikuwa moja tu, na ilikuwa nyenyekevu: Luteni amwone Ngalula. Akae muda wote wa ibada anaiona mikono ile na kunusa harufu yake, na baada ya sala Marthe amwombe tena kwa magoti. Hakuwa amepanga kitu kingine. Waliosema baadaye kwamba alikuja kuvuruga kanisa wanasingizia.

Mchungaji alihubiri, akabariki mkate na kikombe. Mkate wa Meza, kwa desturi ya kanisa lile, uliokwa kichuguuni, na ulitengwa na kufunikwa kitambaa cheupe kabla wengine hawajagusa yao. Huu wa leo ulikuwa wa Ijumaa alfajiri. Ngalula ndiye aliyeutoa motoni. Kitambaa kilipoinuliwa Marthe aliutambua.

Esdras, amevaa suti yake nyeusi, alichukua sahani akaanza kugawa. Watu walinyoosha viganja, yeye akaweka kipande. Alimpa Luteni, Luteni akainamisha kichwa. Akavuka njia, akaja upande wa wanawake, akasimama mbele ya Ngalula.

Akasubiri mkono. Nafikiri alifanya hivyo kwa mazoea tu: mtu anasimama na sahani, anasubiri kiganja kije. Mikono ya Ngalula ilikuwa mapajani, minene kwa vitambaa, na usaha wa manjano ulikuwa umepenya.

"Papa Esdras," Ngalula akasema, si kwa sauti kubwa, ila iliyofika hadi milangoni. "Huu mukate nani alipika?"

Alikuwa amepewa swali lilelile kwa mara ya pili, safari hii na mtu aliyeungua. Marthe aliinua macho kwa mumewe na, Mungu amsamehe, alitumaini. Kwa kitambo kile alimpenda tena kama siku za uchumba wao. Sema tu jina lake, alimwambia moyoni. Jina moja tu.

Esdras alimtazama Mchungaji, akamtazama Luteni, akatazama safu za makarani na walimu.

"Mama," alisema polepole, kwa ile sauti nzuri ya kusomea Maandiko, "mukate yote Mungu njo anatupatia."

"Amina!" kanisa likaitikia.

Marthe alisimama. Hakupiga kelele safari hii. Aliinyakua ile sahani kutoka mikononi mwa mumewe, akamshika Ngalula chini ya kwapa akamwinua, akatembea naye katikati ya kanisa, mkate ukiwa kwenye sahani na vipande vyake, Abigaïl nyuma yao amembeba Plamedi. Hakuna aliyewazuia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo na hawakujua linazuiwaje. Wakatoka mlango mkubwa. Wakaketi kwenye ngazi, juani. Marthe akaumega ule mkate, akamtia Ngalula kinywani, kipande baada ya kipande, na kila kipande alikitajia: "Huu ulipika weye. Na huu, weye." Ngalula alitafuna na machozi yanamtiririka. Mtoto naye akapewa ganda la kunyonya. Ndani, nusu ya kanisa ilikuwa bado imenyoosha viganja vitupu.

Waliula wote, hawakubakiza.

Luteni Lazare alitoka wanamaliza. Alikuwa amevua kofia, ameishika tumboni. Alitazama huku na huku, akainama, akanong'ona.

"Mama Béni. Jua ikianguka, mumulete. Mupite mulango ya nyuma, bantu basione. Nitaona vile naweza kufanya."

Marthe alitaka kushukuru. Ulimi ulikuwa tayari, umezoea kuwashukuru watu wa namna hiyo. Ila Ngalula alikwisha kusimama, peke yake, anayumba, macho yamekuwa mekundu kwa homa.

"Minyi nitapita mbele," alisema. "Na sasa hivi."

Akaanza kushuka ngazi. Luteni alimtazama mgongo, kisha akageuka kutazama mlango wa kanisa uliojaa watu wanaochungulia, na mbele ya macho yote yale hakuwa na pa kuficha uso. Akavaa kofia yake akamfuata. Barabara ya kwenda stesheni walipita yeye, Ngalula, Marthe, na Abigaïl na mtoto, na nyuma yao watu wengi ambao bado hawakujua kama wanasindikiza au wanashangaa. Mlinzi wa zahanati aliwaona na luteni wake, akafungua mlango wa mbele wote, mbao mbili.

Alitibiwa vizuri, siwezi kusema vingine. Alichomwa sindano, alipakwa mafuta, Luteni mwenyewe alikaa naye saa nzima akitenganisha vidole kimoja kimoja kwa mikono ya ustadi. Mkono wa kushoto ulipona wote. Wa kulia ulibakiwa na vidole vilivyoungana, vigumu, haviwezi kukunja wala kufunga fundo la kitenge, na tangu hapo Plamedi alibebwa na migongo ya watu wengine. Luteni aliwaambia ukweli siku alipofungua vitambaa vya mwisho, na sauti yake ilikuwa chini. Hivyo vidole vilikuwa vya kupona, alisema. Ijumaa vingepona.